Krismasi Ile Mama Alipochora Kuta za Watu

Mpendwa Mama Bena,

Nilikuja kukuzika nikarudi na maneno yangu yote tumboni. Yule kijana aliyeshika maikrofoni alitangaza kwamba majirani wa Nairobi watawakilishwa na mtu mmoja, tena kwa ufupi, maana jua linaenda. Wakamsimamisha mzee mmoja ambaye mimi simkumbuki kabisa katika ploti yetu. Akasema ulikuwa mpishi hodari wa maandazi, akakaa. Basi, hayo ndiyo yakawa maisha yako ya Nairobi. Nilikasirika, Mama Bena. Maandazi yako yalikuwa matamu, sikatai, ingawa ya Jumatatu yalikuwa ni yale ya Jumapili umeyapasha moto na sote tulijua. Lakini mtu atoke Kibera mpaka Bunyore aje kusema maandazi?

Kwa hivyo nimeamua kukuandikia. Na kwa sababu hukuwahi kufungua barua bila kumwita mtu akusomee kwa sauti, ploti nzima ikisikia shida za shemeji zako, basi hii nayo naiacha wazi. Anayetaka kusoma asome.

Nataka kusema habari ya kuta. Wewe unazijua, lakini wanaosoma nyuma yako hawazijui, kwa hivyo nivumilie nianze mbali.

Tulikuwa tunakaa Sarang'ombe, hapo Kibera, miaka michache kabla ya mvua ya El Nino, katika ile ploti ya kuta za udongo na paa la mabati, milango ikitazamana. Wewe ulikuwa mlango wa kwanza, na ukuta wako wa nje ulitazama njia ya kwenda bombani. Sisi tulikuwa mlango wa mwisho, karibu na choo, mahali ambapo kodi ilikuwa nafuu na sababu yake ilinuka. Baba alikuwa fundi wa mbao. Akaugua, akafa, tukampeleka kwao upande wa ziwa, tukamzika.

Ndugu zake walisema kile ambacho ndugu husema kwetu Wajaluo. Mjane lazima achukuliwe na mmoja wa shemeji zake, ndivyo mila inavyotaka. Mama akakataa. Mbele yao alisema ameokoka. Mimi aliniambia, baadaye sana, kwamba yule shemeji aliyechaguliwa hangeweza kutunza hata kuku mmoja, na yeye alikuwa na watu wawili wa kulisha, mimi na yeye. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walimkumbusha tu kwamba mjane ambaye hajachukuliwa bado ni mke wa kaburi. Haingii nyumba za watu. Akiingia, anaacha chira nyuma yake, laana ile ya kuvunja mwiko, na chira hupenda kuanza na watoto wadogo.

Nilidhani hayo tumeyaacha huko. Nairobi ni Nairobi, nilijiambia, mtoto wa miaka kumi na mitatu anayejua kila kitu. Kumbe watu wa kwetu walikuja na mila katika gunia moja na omena, wale dagaa wa ziwani. Na nyinyi watu wa Bunyore mna zenu, si hizo hasa lakini ni binamu zake. Hakuna aliyemwambia mama neno baya. Walimpokea mlangoni, basi. Akienda kuomba chumvi, chumvi ilitoka ikamkuta nje. Maombi ya akina mama yalizunguka nyumba kwa nyumba kila Alhamisi, lakini siku aliyokuja mama benchi lilitolewa uani, eti ndani kuna joto. Kuna joto mwezi wa Julai, Nairobi!

Hata wewe. Nasema kwa sababu hukupenda watu wa kufunika mambo. Ulimletea maandazi yakiwa bado moto, ukapiga naye soga ukiwa umeshika kiuno, mkacheka mpaka mtu wa ploti ya pili akauliza kuna nini. Lakini mwaka mzima sikumwona mama ameketi kwenye kiti chako.

Ikafika Desemba. Kibera ya Desemba unaijua. Magunia yanafungwa, magodoro yanakunjwa, kuku wa Nairobi anapelekwa kuwasalimia kuku wa ushago, kule kijijini, na ploti inabaki kufuli tupu. Anayebaki anaonekana amebaki. Sisi watoto wa kubaki tulikuwa tunatayarisha mapema uongo wa kuwaambia wenzetu Januari, vile tulikunywa maziwa mpaka tukakataa.

Mama na mimi hatukuwa na pa kwenda. Nyumba ya baba ilikuwepo, imefungwa, lakini mama hangeifungua bila kumkubali yule bwana wa kuku. Wewe uliondoka kati ya wale wa mwisho. Ulisimama katikati ya ploti na mzigo kichwani ukamwambia kwa ile sauti yako iliyofika mpaka kwenye reli kwamba akuangalizie nyumba. Nadhani ulisema tu vile mtu husema akisafiri.

Mama aliichukua kama kazi. Ploti iliponyamaza alibeba kigoda, akakaa uani, akazitazama zile kuta asubuhi nzima. Zilikuwa na nyufa za kuingiza mkono. Moshi wa mkaa ulikuwa umezichafua, na chini panya walikuwa wamejifungulia milango yao wenyewe. Nilipomuuliza anafanya nini akasema, "Nimeambiwa niangalie nyumba. Nimeiangalia. Ni mbaya."

Kisha akaanza kunieleza vile wanawake wa kwao hufanya kabla ya Krismasi. Wanakusanyika, wanakandika nyumba ya huyu leo na ya yule kesho, kwa udongo na mavi ya ng'ombe, halafu wanachora kwa vidole, nyekundu na nyeupe na nyeusi, na hakuna nyumba inayoachwa kwa sababu kuachwa ni aibu ya kijiji kizima. Mvua ya Machi ikija inaosha yote. Desemba ijayo wanaanza tena. Akanionyesha viganja vyake akasema vinamwasha.

Nilimwuliza kuhusu chira. Si mimi ndiye nilikuwa najifanya mtu wa Nairobi, na bado nikauliza. Akasema amefikiria. Chira inajua boma la mtu, penye jina la mtu na makaburi ya watu wake. Hizi ni nyumba za kupanga, ni za landilodi, na landilodi mwenyewe anaishi kwingine kwenye nyumba ya mawe. Tena yeye hataingia ndani kwa mtu, atagusa nje tu. Alikuwa ameipanga hoja yake vizuri sana, kama mtu aliyekaa nayo muda mrefu. Mimi haikunitosha, lakini nani aliwahi kumshinda mama yangu kwa maneno?

Mavi ya ng'ombe utayatoa wapi Sarang'ombe? Kawangware. Mama alikuwa anafulia watu nguo kule upande wa kituo cha Forty-Six, na jirani ya pale palikuwa na nyanya mmoja Mkikuyu, Cucu tulimwita, aliyefuga ng'ombe nyuma ya vyumba vyake vya kupangisha. Tulipofika na debe alidhani tumekuja kwa maziwa. Mama alipoeleza tunachotaka, Cucu alitutazama kutoka kichwani mpaka viatuni, akauliza kama siku hizi Kibera kuna mashamba. Mama akasema ni ya nyumba, ya Krismasi. Yule nyanya akalipokea debe. Akasema hata mamake alikuwa anakandika hivyo, kabla simiti haijaja kuwaharibu watu. Akatujazia debe kwa koleo lake mwenyewe na akanipa ndizi ya njiani.

Udongo mwekundu tulichimba hukohuko Kawangware, kwa sababu wa kule ni mwekundu kweli. Tukarudi kwa miguu kupitia Dagoretti Corner, mimi na debe, mama na gunia la udongo, katikati ya watu waliovaa nguo za sikukuu. Hakuna aliyetusukuma siku hiyo. Walitupisha kutoka mbali. Matope meusi tulitoa kwenye mtaro chini ya reli, na nyeupe ikawa jivu la jiko tulilochekecha pamoja na chokaa iliyobaki kwenye mjengo mmoja.

Ukuta wako ndio ulianza. Mama aliziba zile nyufa, halafu akakandika kutoka chini akipanda juu, kwa kiganja kizima, akizungusha mkono kama mtu anayefuta meza. Nyekundu ikishika kidogo unapaka nyeupe juu yake, na kabla haijakauka unaikwaruza kwa vidole, ile nyekundu ya chini inatokea. Gunzi la hindi ukiliviringisha ukutani linaacha vitone, safu kwa safu, bila shida yoyote. Kwako aliweka miduara myeupe. Nikasema ni maandazi, akacheka. Kisha akaanza kuimba. Mama Bena, tangu tumzike baba sikuwa nimemsikia akiimba, hata kanisani alikuwa anafungua mdomo tu. Nilifurahi mpaka nikaogopa kumtazama, nisije nikamkumbusha aache.

Akaniachia kipande changu chini ya dirisha lako nichore ninachotaka. Nilichora kuku, kwa sababu hatukuwa na kuku Krismasi hiyo na nilitaka awepo hata mmoja. Wewe ulikuja kusema, mbele ya watu, kwamba ni mbuzi. Alikuwa kuku. Nimengoja miaka hii yote kukujibu, na sasa nimekujibu.

Tukaenda mlango kwa mlango. Kila nyumba ilipata mchoro wake, kulingana na mwenyewe. Mama Odhiambo aliyeuza omena alichorewa nyavu nyeusi. Yule kijana wa kushona viatu alipata mishono. Mlango wetu wenyewe ulikuwa wa mwisho na mama alikuwa amechoka, ukapata vitone tu.

Siku ya Krismasi ndipo nilipojua kwamba Kibera ilikuwa imejaa watu waliobaki. Walikuwa wamejificha. Walianza kupita njia yetu, hata wale ambao bomba lao liko kwingine, wakisimama, wakiuliza ni nani. Kijana mmoja mpiga picha, wale wa kutembea na kamera shingoni, aliona watu wamesimama na nguo mpya, akahamia pale. Watu wa Makina wakaja, watu wa Soweto ile ya Kibera wakaja, msichana mmoja alikuja na ndugu zake wote kutoka Kawangware kwa sababu Cucu alimwambia aende akaone mavi yake yamekuwa nini. Watu walijipanga wakingoja zamu ya kusimama mbele ya ukuta wa nyumba ya kupanga. Mama alikaa kwenye kigoda akiwaangalia, kucha zake bado zina udongo, na wageni wakimpa mkono. Walimpa mkono kwa sababu hawakumjua. Nilijua hivyo, na yeye alijua, lakini ilikuwa Krismasi.

Ukarudi Januari. Ulikuwa na Bena, binti yako, ambaye alikuwa ameenda kujifungulia kwako nyumbani, na mtoto mchanga amefungwa shuka hata pua haionekani. Ulisimama njiani. Ukaweka mzigo chini. Ukauliza, "Mayi, mama yangu, ni nani ameolewa hapa?" Ukazunguka ploti nzima ukigusa kila ukuta kwa kidole, ukacheka maandazi yako, ukamtukana mbuzi wangu. Bena akaingia ndani kumlaza mtoto. Nikaona mama anapumua.

Mama Odhiambo akafika mchana uleule. Yeye alitoka upande wa kwetu kabisa, na kila kitu cha kwetu alikijua kuliko sisi. Aliuliza swali moja tu, ni nani amegusa ukuta wake. Watoto wakamjibu kwa furaha, wote pamoja. Hapo hapo alishusha gunia lake njiani, akalikalia, akakataa kuingia kwake.

Sikumcheka wakati ule na simcheki leo. Mama Odhiambo alikuwa amezika watoto. Mtu aliyezika watoto ana haki ya kuogopa anachoogopa. Hakupiga kelele hata kidogo. Alikaa tu juu ya gunia, na wanawake wengine waliorudi wiki hiyo walipokuja kuuliza akawaeleza polepole, na kila aliyeelezwa aligeuka kuutazama ukuta wake kwa macho mengine. Wale waliokuwa wanasifu asubuhi wakaanza kujipangusa mikono kwenye leso.

Mama alitoa hoja yake. Akasema ni nje tu, hakuvuka mlango wa mtu. Akasema nyumba ni za landilodi. Mama Odhiambo akamjibu kwamba chira haiulizi nani anapokea kodi, inauliza nani analala ndani. Niliona kwamba ile hoja ambayo mama alikaa nayo muda wote huo imekufa, na kibaya zaidi niliona anaanza kuamini kwamba kweli amewaletea watu mauti.

Wakakata neno. Kuta zote zikwaruzwe siku hiyohiyo na mama atafute pengine pa kukaa mwisho wa mwezi, ama wao watahama na watamwambia landilodi ni kwa nini. Wanaume walisimama kando wakasema hayo ni mambo ya akina mama. Kisha wote wakakugeukia wewe, maana ulikuwa umekaa ploti ile kuliko hata kuta zenyewe, na landilodi alisikiza neno lako kuliko la mke wake.

Ungesema tutoke, tungetoka. Ushago tulikuwa hatuna tena, na sasa hata ule mlango wa karibu na choo ungekuwa umeenda. Nilikutazama, na kwa mara ya kwanza tangu nikujue ulikuwa umenyamaza. Hilo ndilo lililonitisha. Watu wazima walikuwa wamezoea kukuomba unyamaze.

Mama hakungoja. Aliingia kwetu akatoka na panga, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wako kuanza kuukwaruza. Alikuwa ameinua mkono uliposema, "Wacha." Ukaja karibu. Ukaweka kiganja chako chote juu ya ile miduara, si kidole, kiganja, ukakiacha hapo. Ukashuka nacho mpaka chini kwenye kona. Ukamwambia kwamba kona haikukandikwa vizuri, panya watarudi. Mama akaitikia kwa kichwa, akaomba msamaha kwa ajili ya kona. Nilitaka kulia kwa hasira. Watu wanatufukuza na huyu mama anahesabu panya.

Halafu ukasema, kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia mtu apitishe sukari:

"Nje umemaliza. Ndani, karibu na kitanda cha Bena, udongo unaanguka. Ingia unimalizie."

Hakuna aliyesogea. Mama aliweka panga chini. Akasema, "Mama Bena, kuna mtoto ndani."

"Najua kuna mtoto. Ni mjukuu wangu. Ingia."

Bena alikuwa amesimama mlangoni. Alikutazama wewe, akamtazama mama, akasogea kando kupisha. Mama akavua patipati zake akaziacha nje, zimepangwa vizuri, kama mtu anayeingia mahali pa ibada. Akavuka. Ukaingia nyuma yake, na tukakusikia ukimwambia akae kwanza anywe chai, udongo haukimbii. Nikasikia kiti chako kikilia, kile cha mbao ambacho baba ndiye aliyekitengeneza. Nje wanawake walibaki wamesimama, kila mmoja akimtazama mwenzake, mpaka mmoja akasema ana mboga jikoni.

Mama Odhiambo aliinuka na gunia lake akaenda kwa binamu yake huko Soweto. Alirudi baadaye akaukwaruza ukuta wake mwenyewe kwa jembe, nyavu zote zikaanguka, na kati ya kuta zilizochorwa wake ukabaki mtupu. Hakuwahi kumwita mama ndani. Lakini alimsalimia kila asubuhi, kwa jina lake, na siku mama alipokuwa mgonjwa alituma samaki. Nimeshaacha kumlaumu. Alifanya alichoweza.

Siku ile mama alitoka kwako jua limeshuka, udongo mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwetu namngoja, nikamwuliza ilikuwaje. Alinawa mikono polepole. Akasema, "Atieno, nilikuwa nimesahau vile nyumba ya mtu mwingine inanukia." Akaendelea kunawa. Nikamwongezea maji.

Baada yako wengine walikuja mmoja mmoja, kwa aibu. Huyu kwake jikoni kunapasuka, yule angependa vitone karibu na dirisha. Hakuna aliyetaja chira. Alhamisi moja maombi yakafanywa ndani, tumebanana kama omena, joto la kweli sasa, na hakuna aliyelalamika. Kufikia Pasaka mama alikuwa ameketi kwenye viti vya karibu ploti nzima, na alikuwa na maoni juu ya kila kimoja.

Mvua ikaja ikaosha. Maji mekundu yalishuka njiani mpaka bombani, maandazi yako yakaenda, mbuzi wangu akaenda. Nililia nikijificha, lakini mama alisimama mlangoni akiitazama mvua bila huzuni yoyote, akasema ndiyo kazi yake. Wewe ulitoa kichwa dirishani ukapiga kelele kuuliza Desemba ijayo tutaanza na nani. Na kweli Desemba iliyofuata wanawake watatu wa ploti hawakupanda basi mapema, walibaki kwanza wakakandika na mama, ndipo wakasafiri. Tulifanya hivyo miaka kadhaa. Kisha landilodi akavunja kuta za udongo akaweka mabati, na mabati hayashiki udongo, mama alijaribu.

Nina picha moja tu ya kuta zile. Yule kijana wa kamera alitupiga mimi na wewe Jumapili moja baada ya mambo kutulia. Umevaa gauni lako la kanisani na umejitanua, Mama Bena, mpaka ukuta wote umepotea. Kwenye kona unaonekana mguu mmoja wa kuku. Watoto wangu wakiuliza hizo kuta zilikuwaje, siwezi kuwaonyesha, ninawaonyesha wewe.

Sasa nifike kwa kile kilichonifanya niandike, maana si maandazi peke yake. Baada ya kuzikwa kwako nilibaki nyuma na Bena tukiosha vikombe. Yeye ndiye alianza. Aliniuliza kama ninajua kwamba ulikuwa unaogopa. Nikasema hapana, Mama Bena hakuwahi kuogopa kitu, mimi nilikuwepo. Bena akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

Akaniambia kwamba baada ya mama yangu kutoka siku ile, hukumwacha yule mtoto. Kila mara ulikuwa unaweka kiganja mbele ya pua yake kuona kama anapumua. Ulimtoa kwenye titi kumsikiliza kifua, Bena akikugombeza. Akasema mvua ilipoanza mtoto alishikwa na kikohozi kibaya, na ukakaa naye mapajani ukilia, ukimwambia Mungu kwamba kosa ni lako, ni wewe uliyefungua mlango. Na wakati uleule mama yangu akabisha hodi. Alikuwa amesikia kikohozi akaleta dawa ya mitishamba, na alisimama nje ainyooshe tu, kwa sababu mazoea ya mlangoni hayakuwa yamemtoka. Bena alisema ulijifuta macho kwa leso, ukaisafisha sauti, ukamwambia aingie, dawa ampe mtoto mwenyewe kwa mkono wake.

Mtoto alipona. Alikuwepo pale mazishini, amekuwa jitu, anabeba viti viwili viwili.

Miaka yote hii nimekuwa nikikusifu vibaya. Niliwaambia watoto wangu kwamba Mama Bena hakuamini mambo ya chira, alikuwa mtu mwenye akili, aliyaona ni upuuzi. Kumbe uliamini. Uliamini sawa na Mama Odhiambo, labda kumshinda, na mtoto aliyekuwa ndani ni wa damu yako. Kama ungekuwa huamini, ungekuwa umempa mama chai tu.

Mama alikwenda kabla yako, unajua, na alikufa akiwa kwenye kitanda chake, na nyumba imejaa watu walioingia bila kupiga hodi. Nikikumbuka umati ule ninakumbuka nani alianza. Asante. Sina neno kubwa zaidi, na lile kubwa la Kijaluo ungeliharibu ukijaribu kulitamka.

Pumzika, Mama Bena. Asante kwa kuwa uliogopa hivyo, na bado ukamwambia mama yangu aingie.

Mtoto wako wa mlango wa mwisho,
Atieno